Kilindo cha Bibi

Najua nimekuwa kimya mpaka wengine mmeanza kuulizana kama bado nipo mjini. Nipo. Nilikuwa Mikumi kwa likizo ya wiki moja, na kabla hamjauliza: hapana, sikuingia mbugani. Sisi wenye ndugu Mikumi hifadhi tunaitazama bure kwenye dirisha la basi. Pundamilia wako kando ya lami, kondakta anasinzia, abiria wa Mbeya hawageuzi hata shingo. Halafu unashuka mjini, unanunua mkate na sukari kilo mbili, unakwenda kumwamkia bibi yako.

Kwa hiyo leo sina habari ya simba. Nina habari ya sanduku.

Liko chumbani kwa Bibi mzaa mama, pembeni ya kitanda, limekalishwa juu ya matofali mawili kwa ajili ya mchwa. Si la mbao wala la bati. Ni gome la mti. Ni la duara kama ngoma, na nikisimama karibu nalo linanifika juu kidogo ya goti. Rangi yake ni ya tumbaku iliyokauka. Upande mmoja una mshono kuanzia juu hadi chini, kamba nyembamba zimepishana kama mifupa ya samaki, na kifuniko kinakaa juu yake kama kofia. Kuzunguka kifuniko kuna mstari wa pembetatu ndogo zilizochomwa kwa chuma cha moto. Na tumboni, kwa chuma hicho hicho, kuna namba: 1147.

Kinaitwa kilindo. Kikiwa kikubwa ni lindo. Ukiwauliza vijana wa mjini lindo ni nini watakwambia ni pale anapokaa mlinzi wa usiku na redio yake na rungu, na hawajakosea, maana neno ni hilo hilo. Lakini kamusi zetu zina maana ya pili: chombo cha gome la mti cha kuwekea nafaka, nguo na vitu vya thamani. Neno lipo kamusini, vyombo vyenyewe vimepungua kama meno ya mzee. Ukitaja sanduku la asili kwa Mtanzania wa leo anafikiria kasha la Zanzibar, lile la misumari ya shaba na vidroo vya chini, ambalo kila hoteli ya pwani imeliweka mapokezi. Sina ugomvi na kasha. Ila kasha lilikuwa la mwenye nyumba na mwenye jahazi. Bara huku, mwenye jembe alikuwa na kilindo.

Richard Burton alipopita na Speke mwaka 1857, wakivuka milima ya Usagara kuelekea Unyamwezi, aliyaona malindo hayo, na kwenye kitabu chake cha mwaka 1860 ameyaeleza. Yalikuwa ya magome ya miyombo. Mti huo, kwa taarifa yako, ndio uliowapa wataalamu wa misitu wa dunia nzima jina la miombo, yaani pori lote lile linaloanza kwetu na kushuka hadi Zambia, Angola na Msumbiji. Mikumi yenyewe imezungukwa nalo kwa sehemu kubwa, ingawa mji umechukua jina kwa mti mwingine kabisa, mkumi, ule mnene kama mnazi ulioshiba.

Sasa, Bibi si Mvidunda wala Msagara. Babu ndiye Mvidunda. Bibi alizaliwa Kimamba, kwenye mkonge, na baba yake alikuwa Mnyamwezi kutoka upande wa Tabora aliyeletwa kama manamba. Vijana mnaosoma hapa pengine manamba ni neno tu la kutaniana. Zamani lilikuwa kazi. Wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kutafuta vibarua, SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944, na iliwasomba watu kutoka bara magharibi, kusini na hata Rwanda na Burundi. Ukifika unapewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku usiyomaliza ngwe haihesabiwi, na mshahara ni mpaka kipande kijae. Na kila mtu na namba yake. Jina lenyewe linasema: manamba, watu wa namba.

"Karani hakujua jina la baba," Bibi aliniambia. "Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo nikitumwa kupeleka chakula nilikuwa nasema, nampelekea elfu moja mia moja arobaini na saba."

Alisema hivyo akicheka. Mimi sikucheka sana.

Nilimuuliza kilindo kilitengenezwaje, na hapo Bibi alisahau hata chai yake. Anasema ilikuwa miaka ile TANU inaanza kusikika Kimamba, yeye akiwa binti mdogo. Baba yake alisubiri masika. Kiangazi gome limeshikana na mti kama ngozi na nyama, ukilazimisha linapasuka. Mvua zikishanyesha, maji yanapanda ndani ya mti, gome linaachia. Jumapili moja aliingia porini na shoka na panga, na binti yake nyuma akibeba kibuyu cha maji. Alipita miti mingi akiigonga na kuitazama juu, akitafuta mmoja ulionyooka usio na tawi wala kovu kwa urefu aliotaka. Akaukata gome duara juu, duara chini, kisha akapasua mstari mmoja wa kushuka. Halafu, Bibi anasema, ikawa kazi ya subira. Aliingiza kabari za mti kidogo kidogo, akizunguka, mpaka gome likatoka zima, kama mtu anavyovua koti.

Akalikwangua lile ganda gumu la nje, akabaki na la ndani. Akalipasha juu ya moto wa polepole, akalikunja kinyume cha lilivyotaka kwenda, akalifunga kamba lizoee. Mshono ulishonwa kwa nyuzi za gome jingine, zilizotafunwa (ndiyo, zilizotafunwa, kwa meno) mpaka zikalainika, na matundu yakatobolewa kwa msumari. Kitako ni kipande cha duara cha gome hilo hilo. Kifuniko, vivyo hivyo. Hakuna msumari uliobaki ndani, hakuna gundi.

Nilipokuwa namsikiliza nilikumbuka picha moja niliyowahi kuonyeshwa chuoni. Mwalimu wetu alikuwa akifundisha kuhusu sanaa na mali za makumbusho, akatuletea makasha ya Wahaida, wenyeji wa visiwa vya Haida Gwaii, pwani ya magharibi ya Canada. Wale nao wanakunja mti, ila wa kwao ni ubao. Fundi anachukua ubao mmoja wa mwerezi mwekundu, anachonga mifereji mitatu kuukatiza, anaufukiza kwa mvuke mpaka unalainika, kisha anaukunja kwenye ile mifereji. Ubao mmoja unakuwa kuta nne. Kona tatu zimekunjwa, na kona ya nne tu ndiyo inayoshonwa au kupigwa vigingi. Kasha likikamilika halivuji. Walihifadhi humo samaki na mafuta, walipikia kwa kutumbukiza mawe ya moto ndani ya maji, walitunza nguo za sherehe, na machifu wao walizikwa humo.

Juu yake wanachora. Mistari minene myeusi, na myekundu, inayonenepa na kukonda kama mto, macho makubwa, mikia, mabawa, mpaka hujui mnyama anaanzia wapi. Lakini michoro hiyo si ya kupendezesha tu. Wahaida wamegawanyika pande mbili, Kunguru na Tai, na kila upande una koo zake zenye alama zake. Mchoro unaweza kukwambia kasha ni la watu gani. Ni kama hati. Ndiyo maana iliwauma serikali ya Canada ilipopiga marufuku sherehe zao kubwa za kugawana mali, kuanzia 1885 hadi 1951, na vitu vyao vingi vikaishia kwenye kabati za vioo za miji ya mbali. Mwaka 2003 walikwenda Chicago kuchukua mabaki ya wazee wao zaidi ya mia moja yaliyokuwa makumbusho, wakayarudisha kisiwani kuyazika.

Na sisi tuna ndugu wanaopamba gome kwa ufundi wa namna hiyo. Kaskazini-mashariki ya Kongo, Wamangbetu na Wazande walitengeneza vilindo vyenye kitako na kifuniko cha mti, na juu ya kifuniko wakachonga kichwa cha mtu mwenye paji refu lililorudi nyuma, kama walivyokuwa wakiwafunga watoto wao vichwa. Lang na Chapin walipokuwa huko kati ya 1909 na 1915 walikusanya vitu vingi vya watu wale, vipo New York. Vizuri mno. Ukiviweka sebuleni mgeni lazima aulize.

Cha Bibi hakiulizwi. Kina pembetatu na namba.

Nikamuuliza pembetatu ni za nini. "Za uzuri tu, mume wangu, kila kitu unataka kiwe na maana?" (Bibi huniita mume wake, waliolelewa na bibi mnanielewa.) Na namba? Hapo akanyamaza kidogo. Akasema kambini vitu vilikuwa vinapotea. Watu walilala wengi chumba kimoja, lugha kumi. Jina la Kinyamwezi nani angelijua? Ila namba kila mtu alikuwa akiijua, hata mnyapara. Kwa hiyo baba yake alichukua msumari, akautia kwenye makaa, akaandika kitu pekee ambacho shamba zima lingekubali kuwa ni chake.

Jamani. Nimekaa na jambo hilo wiki nzima. Mhaida anaandika Tai, anaandika ukoo wa mama yake uliotoka vizazi na vizazi. Babu yangu wa nne aliandika namba aliyopewa na karani wa mkonge. Na mnisamehe, siioni kuwa ni aibu. Walimpa ile namba ili wamhesabu. Yeye aliigeuza ikalinda shuka zake. Bibi alipoolewa kuja Mikumi alipewa kilindo kile na nguo ndani yake, na namba juu, kama wengine wanavyopewa sanduku la mabati lenye maua.

Ndani yake sasa hivi kuna sanda. Bibi alinionyesha mwenyewe, bila huzuni yoyote, kama anayenionyesha vyombo vya wageni: bafta nyeupe imekunjwa, pamba, udi, chupa ndogo ya marashi, na doti moja ya kanga ya kumpa atakayemwosha. "Sitaki mkimbizane madukani siku hiyo," alisema. "Nyie wa siku hizi mtanunua nailoni."

Hapo nikamsimulia kisa cha Livingstone, maana nacho ni kisa cha gome, ingawa shuleni tunafundishwa kama kisa cha mzungu. Alipofariki kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873, akina Chuma na Susi waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani wiki mbili, wakauviringisha kitambaa. Kisha wakavua gome la mti waliouita myonga, zima bila kupasuka, wakamweka ndani. Wakashonea turubai la tanga juu yake, wakaufunga kwenye mti wa kubebea, watu wawili wakautia begani. Jeneza la Livingstone lilikuwa lindo. Wakatembea nalo mpaka Tabora, ambako Luteni Cameron aliwashauri wamzike huko huko. Wakakataa.

Na sehemu nzuri bado. Baada ya Tabora, kijiji cha Kasekera, wakaambiwa maiti haipiti. Wakajifanya wamekubali kumrudisha Unyanyembe akazikwe. Wakautoa mwili kwenye gome, wakaufunga upya uonekane mtumba wa kawaida wa safari. Wakakata mabua ya mtama urefu wa mtu, wakayavika kitambaa kama maiti, na watu sita wakaondoka nayo kwa heshima zote kurudi nyuma. Walipofika mbali wakayatupa mabua porini, wakarudi kwa wenzao. Mzigo halisi ukaendelea hadi Bagamoyo, Februari 1874, na London akazikwa Aprili 18. Lile gome walilizika Kasekera. Kwa hiyo mwili una kaburi Westminster, moyo una kaburi Zambia, na lindo lina kaburi lake Unyamwezi, ambalo hakuna anayelizuru.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe mzungu naye alisafiri kinyamwezi," akasema.

Sasa niwaambie kwa nini nimeandika haya leo na si mwezi ujao. Mjomba wangu, mwanaye Bibi wa mwisho, amempata jamaa wa vinyago. Hupita barabara kuu akinunua vitu vya zamani nyumba kwa nyumba, vinu, vigoda, vibuyu, kisha huviuza kwa watalii. Amekiona kilindo na ametoa bei ya laki mbili. Mjomba ana ada ya mtoto chuo, simlaumu hata kidogo, laki mbili si majani ya chai. Lakini jamaa ana sharti. Namba itolewe. Atakwangua kwa msasa kabla ya kuuza, na mahali pake atachora twiga au ngao. Anasema mteja anataka kitu cha asili, na kitu cha asili hakina namba za kizungu.

"Mama, laki mbili kwa gome!" Mjomba alisema mbele yangu, jioni, tumekaa ukumbini.

Bibi akamjibu bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akipepeta. "Sanda yangu nitaiweka wapi? Kwenye ndoo ya rangi?"

"Tutakununulia begi zuri."

"Basi mwambie huyo bwana achukue kifuniko na kitako. Pale penye baba abaki."

Mjomba aliangalia dari. Mimi niliangalia mchele.

Nilidhani nina makala nzuri. Nikampigia mhariri wangu wa safu ya mapumziko. Alinisikiliza vizuri, akauliza kama kuna picha, nikasema ipo. Akasema kilindo sawa, ila namba "inachanganya", wasomaji watauliza kama ni cha kale au cha kiwandani, bora nitafute kingine kilicho safi. Yeye na jamaa wa vinyago hawajawahi kuonana, lakini wangeelewana sana. Wote wawili wanataka asili ambayo haijawahi kufanya kazi kwa mtu. Ndiyo maana mnaisoma hapa bure.

Kwa upande wa kutengeneza kingine, nimejaribu kuulizia. Nimempata mzee mmoja njia ya kwenda Kidatu aliyewahi kufunga mizinga ya nyuki ya magome, na anasema anaweza kuvua gome mpaka leo, ila mshono ule hajui. Tena kuvua gome zima duara ni kuua shina lile. Miyombo huchipua upya kutoka kisikini, haifi moja kwa moja, lakini mti wenye unene wa kilindo utausubiri miaka mingi. Mhaida anaweza kubandua gome au ubao kwenye mwerezi uliosimama na mti ukaendelea kuishi na kovu lake. Sisi kilindo kimoja ni shina moja. Hifadhini huruhusiwi, na ni sawa. Nje ya hifadhi utahitaji kibali, huku miti hiyo hiyo ikipita mbele yako barabarani, imeshakuwa mkaa ndani ya magunia, kwenda Dar kuchemshia chai. Fundi wa kilindo alihitaji shina moja kwa maisha ya watu wawili watatu. Mkaa unamaliza shina kwa wiki.

Mpaka naondoka, kilindo kilikuwa juu ya matofali yake. Jamaa amesema atapita tena mwisho wa mwezi. Mjomba amenipigia jana kuuliza kama naweza kuchangia ada, nimemtumia nilichonacho, bado haijatosha.

Picha sitaiweka. Bibi alisema chombo chenye sanda hakipigwi picha kikatembezwa kwenye simu za watu, na ile niliyopiga nimeifuta mbele yake. Ila nina ombi kwa wadau wa Tabora, Urambo, Sikonge na Nzega: kama nyumbani kwenu kuna bibi au babu mwenye kilindo, muulizeni mshono unaanzia juu au unaanzia chini, na uzi ule ni wa gome la mti gani. Bibi anakumbuka tu kwamba ulikuwa mchungu mdomoni.